Themanini Mara Mbili

LaVonne Tollefsrud alikuwa ameketi mstari wa mbele katika ukumbi wa mji, karatasi ya maabara ameikunja mara nne kiganjani. Nje theluji ilikuwa ikiyeyuka, na mchanga wote uliomwagwa barabarani wakati wa baridi ili magari yasiteleze ulikuwa mbioni kuelekea ziwani.

Miaka mitatu nyuma, humu humu, yeye, mhandisi wa mji, aliwaambia watu kwamba bwawa jipya la kupokea maji ya barabarani litatega sehemu themanini za tope katika kila mia. Zile ishirini zitakazobaki zitapita kwenye kichujio cha mchanga, nacho kitatega themanini kwa mia yake. Ziwani zitafika nne tu. Mzee Orrin Haugdahl, anayepangisha mitumbwi, akanyanyuka. "Binti, ukishachekecha unga, ukauchekecha tena, safari ya pili chekeche linabakiza nini?"

"Mzee wangu, hii ni hesabu, si mkate," alimjibu, na ukumbi ukaangua kicheko. Tangu siku hiyo Orrin hakuingia dukani bila kuitwa Bwana Chekeche.

Sasa karatasi ilisema kumi na tatu, si nne. Bwawa lilishazoa chembe nzito zote. Zilizofika kwenye kichujio zilikuwa laini kama poda, zikapenya. Ile themanini ya kichujio ilipimwa kwa maji machafu ambayo hayajapita bwawani kwanza. Alipaswa kulijua hilo.

"Haya, maji ni safi," alisema Marlys, mwenyekiti wa kikao. "Gari la kufagia mchanga barabarani tulipumzishe, au siyo? Bi LaVonne, una neno kabla hatujanyoosha mikono?"

Karatasi ile hakuna mwingine aliyeiona. LaVonne alisimama.

"Msilipumzishe. Zinazofika ziwani ni kumi na tatu. Nilikosea mimi. Mzee Orrin aliniuliza mbele yenu, nami nikamfanya kichekesho."

"Heee! Kumbe wajukuu zangu wanaogelea kwenye uji!" alidakia mama mmoja. Wachache wakacheka.

LaVonne aligeuka kumtazama Orrin, akitamani mzee amsute tu yaishe. Orrin alikuwa anavuta zipu ya koti lake, taratibu.

"Na ule mradi wako mwingine, wa ghuba ya kaskazini, binti?" aliuliza. " Hesabu yake uliipigaje?"

LaVonne aliikunjua karatasi, akaitazama.

"Vile vile," akasema.