Usifunge Mlango

Fundi kompyuta alijiandikia kijiprogramu: akikopi maneno na kubonyeza kitufe kimoja, kila mstari unafunguka kwenye ukurasa wake na kutafutwa mtandaoni. Tangu mdogo wake apotee, alikuwa anakopi majina ya hospitali, vituo vya polisi, vyumba vya maiti. Huko kote akiuliza, jibu ni lile lile la kukata maini: hayupo.

Asubuhi hiyo, mama yao akiwa amekaa nyuma yake, alibonyeza akidhani amekopi majina mapya. Kumbe alikuwa hajayakopi. Kilichobaki ni ujumbe wa mwisho wa mdogo wake, ambao fundi aliukopi jana kuwatumia polisi. Kompyuta haina haya. Ikaumwaga wote, mstari kwa mstari: “Nimechelewa kidogo.” “Niko njiani.” “Mwambie mama asifunge mlango.”

Mama akainuka, akasogeza uso kwenye kioo cha kompyuta. “Si huyu anaandika? Mjibu basi, baba.”

Chini ya kila mstari palikuwa na jibu tayari: hakuna kilichopatikana.

Fundi akatafuta pa kuanzia. Alipogeuka amwambie, mama alikuwa ameshafika mlangoni, anatoa komeo.