Chai ya Kitandani

Mtaa mzima ulimsifu fundi friji. Kila asubuhi alimpelekea mkewe, mshonaji wa nguo, chai kitandani, tena kwa mkono wake mwenyewe. "Umepata mume wewe, shukuru," mama mkwe alimwambia mshonaji, huku akimalizia chai iliyobaki kikombeni, maana bibi huyo hakupenda kitu kimwagwe. Mshonaji, na mimba yake kubwa, alishukuru. Ila chai ile ilikuwa chungu, jamani, chungu hadi kooni, naye akaisingizia mimba.

Asubuhi moja kijiko chake kikaibua ganda la kidonge, nusu jekundu nusu njano, limelainika kama utando wa maziwa. Kinyaa kilimpanda mpaka mwili ukasisimka. Akalifunga ganda kwenye kipande cha kitambaa, akaenda nalo zahanati. Huko ndiko alikotaja pia ule uchafu uliokuwa ukimtoka na kunuka, ambao mumewe alimwambia ni mambo ya mimba.

Nesi akampima, akaligeuzageuza lile ganda, akasogeza kiti karibu. "Una kisonono, dada. Na hizi ni dawa za mumeo, tulimpa hapa hapa, alitakiwa azimeze zote yeye. Sasa anakugawia. Yeye haponi, wewe huponi, mnarudishiana tu. Tena dawa hii haimfai mjamzito."

"Na mtoto?"

"Ukijifungua hujatibiwa, anaweza kupofuka. Leo nakuchoma sindano inayokufaa. Yeye aje atibiwe upya, na msikutane mpaka niwaambie mmepona."

Njiani alitema mate mpaka mdomo ukakauka. Ugonjwa angeuvumilia, una dawa. Lile tabasamu ndilo lililomchefua. Mtu anakoroga, anapuliza, anakwambia kunywa ingali moto, na moyoni anajua! Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hawakusema kitakuletea na chai.

Alimkuta mumewe mezani, akamwekea ganda kando ya sahani.

"Mke wangu, nilikuwa nakutibu," fundi friji akasema. "Sikutaka kukuumiza moyo na hali yako hiyo."

"Kunitibu! Umeniletea uchafu kitandani, ukanifuatishia na dawa yake kwenye kikombe. Ptu! Mwanangu akizaliwa haoni, utamwambia ulikuwa unanihurumia?"

"Punguza sauti, mama atasikia."

Mama alikwisha kusikia. Alikuwa mlangoni, kikombe cha asubuhi mkononi, kitupu.

"Dawa ya nini ulitia humu?"

Fundi friji aliinamisha kichwa. "Ya kisonono, mama."

Bibi akakimbilia uani, wakamsikia akitapika. Aliporudi alikuwa amevaa viatu.

"Inuka," alimwambia mwanawe. "Tunakwenda zahanati sote. Na huyo aliyekuambukiza utamwambia leo hii, asikae na uchafu huu bila kujua. Mjukuu wangu akipofuka, mimi usiniite mama."

Mshonaji alikuwa ameshatangulia nje, mikono miwili tumboni.