Mgeni wa Mchana

Mwanamke nisiyemjua alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda changu, saa saba mchana, jua limejaa dirishani, akikamua maji kwenye kitenge chake. Kichwa cha mume wangu kilikuwa mapajani mwake. Eliakimu alikuwa amelala fofofo huku akitabasamu, na tabasamu lile nililijua. Nilikuwa nimeliona kwenye jeneza la Jeremia, kisha kwenye jeneza la Selestini.

Wanaume hao watatu walivua dagaa kwenye mtumbwi mmoja pale ufukweni Kibirizi. Jeremia alitangulia mwanzoni mwa masika. Hakuumwa. Alikutwa kitandani amekauka, nywele zimelowa, mdomo unacheka. Selestini akafuata. Watu wa Gungu, mtaani kwetu, hawakusubiri kuelezwa na daktari. Walisema ni jini mahaba, yule anayewaendea wanaume usingizini na kuwanyonya uhai kidogo kidogo mpaka wanakwisha. Eliakimu alipoanza kukonda na kuita jina la mwanamke usingizini, nilijua zamu imefika nyumbani kwangu.

Nilimpenda mume wangu. Nalisema mapema, kwa sababu wapo wanaodhani sikumpenda. Alikuwa mpole, hakunywa, na jioni kabla ya kwenda ziwani alinichotea maji mwenyewe, majirani wakamcheka. Mtu wa namna hiyo humwachii jini.

Tukamwita mchungaji. Siku za mbalamwezi, ambapo taa za wavuvi hazivuti dagaa na wanaume hubaki nyumbani, tulikesha kwa maombi. Mimi nilikaa kando ya kitanda hadi alfajiri, Biblia magotini. Hakuja mtu. Mchungaji akatangaza ushindi, akala kuku wetu, akaaga. Eliakimu akazidi kukonda.

Jibu lilinijia nikiwa Kibirizi, nimeinama mchangani nageuza dagaa. Mchungaji ni mtu wa kulala usiku kama watu wengine. Wavuvi wa dagaa hukesha ziwani na kulala mchana, wakati sisi wake zao tuko ufukweni tunaanika. Jeremia alikutwa mchana, Selestini vilevile. Sote tulijua wanaume wetu wanalala saa ngapi, na bado tulikuwa tumemvizia jini gizani, kwa kuwa ndivyo tulivyosimuliwa tangu utotoni. Niliwaacha dagaa wangu chini ya macho ya kunguru, nikapanda bodaboda.

Ndipo nikamkuta.

“Amahoro, mama,” aliniambia.

“Amahoro,” nilimjibu. Ulimi ulinitangulia, ndiyo salamu ya Burundi niliyolelewa nayo. “Mwachie mume wangu.”

“Ukimgusa, miye nitaondoka. Akibaki peke yake nitarudi. Lakini muulize kwanza: mtoto wa Concilie alianguka majini, au alitupwa?”

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Sikukimbia. Nilinyoosha mkono nikashika mguu wa Eliakimu, naye akafumbua macho. Kitandani hapakuwa na mwingine, ila shuka lilikuwa limelowa chapachapa.

“Concilie ni nani?” nilimuuliza.

Alilipapasa shuka lililolowa. Nilitamani aseme ni hawara yake. Ningelia, ningevunja vyombo, kisha ningemsamehe.

“Abiria,” alisema mwishowe. “Tulimchukua kule Burundi, alitaka kuvuka kuja huku. Tukaona taa za boti ya doria. Kale katoto kake kakaanza kulia, hakanyamazi. Wangetukamata wote, Scola.”

“Mkafanyaje?”

“Selestini ndiye aliyekashika.”

“Na mama yake?”

“Alijirusha kukafuata. Halafu akarudi kushika ukingo wa mtumbwi, anapiga kelele. Jeremia akampiga vidole kwa kasia.”

“Na wewe?”

“Mimi nilikuwa nimeshika taa. Niliizima.” Alifuta uso kwa kiganja. “Alikuwa mkimbizi tu. Nani angekuja kumwulizia?”

Aliyasema hayo kwa sauti ileile ya upole ya kila siku, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko maneno yenyewe. Mama yangu alivuka ziwa hilohilo usiku, akiikimbia nchi ileile, mimi nikiwa mgongoni kwake. Nami nililia njia nzima. Mama alikuwa akipenda kulisimulia hilo, na alimsimulia Eliakimu siku alipoleta posa. Eliakimu alicheka sana siku ile. Nilimtazama sasa, nikaona kwamba hajaukumbuka mgongo wa mama yangu hata kidogo.

Macho yake yalikuwa yanafumba. Uchovu wa ziwa haumsubiri mtu amalize mazungumzo.

“Usirudi Kibirizi leo,” alisema. “Kaa hapa, unishike mkono. Ukinishika hawezi kuja.”

Nilimfunika shuka kavu. Nilimwekea mto vizuri, maana shingo ilikuwa ikimsumbua. Nilisubiri mpaka pumzi yake ikatulia, kisha nikauchomoa mkono wangu polepole kutoka mkononi mwake.

Nilipotoka, mlango niliuacha wazi.