Kilima cha Kijani cha Mjomba Nikodemo

Nimelala Kivinje, nimelala Sudi, nimetengeneza redio za watu wasionijua hata jina. Kitomanga sirudi.

Huko binti mmoja, Dativa, alikuwa na kompyuta ya mtumba, ukiiwasha chai inapoa kabla haijafunguka. Mjomba wake Nikodemo ndiye aliyemnunulia, mwaka ule korosho zilipopata bei na kila takataka ya Ulaya ikaitwa maendeleo. Mwalimu Iddi alimwahidi: akichapa vizuri mitihani ya shule, kazi ya kila muhula ni yake. Akishindwa, anarudi kuokota korosho za mjomba.

"Kumbukumbu yake ndogo, mwanangu," nikamwambia. "Mmeibebesha mfumo mzito. Tuitue."

Nikaweka Linux, mfumo mwepesi niliopewa na fundi mmoja wa Tanga. Skrini nyeusi, maandishi meupe, basi. Lakini ukigusa herufi, herufi hiyo hapo. Dativa akacheka peke yake. Kufika Alhamisi mitihani yote ilikuwa ndani, tunangoja wino wa printa tu uje na basi.

Akaingia mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Picha zimekwenda wapi?"

"Tumezitoa, mjomba. Sasa inakimbia."

"Inakimbia uchi! Huyu mzee mzururaji kakuibia vitu vya ndani, kakuachia ubao wa darasani."

Nikajaribu kumweleza. Akaniuliza, "Kwani wewe ndiye mjomba wake?" Kwa Wamakonde mjomba ndiye mwenye mtoto; akishauliza hivyo, mgeni unafunga mfuko wako. Mama mtu mwenyewe alikuwepo, akainamia mchele wake.

"Kazi ya mwalimu imo humo, mjomba," Dativa akasema taratibu.

"Si itabaki humohumo? Kwani nabadilisha boksi?"

Akaibeba, akapanda gari la Lindi.

Jumamosi akarudi anang'aa. Mafundi wa huko wamemwekea mfumo mpya kabisa, na kwenye skrini picha: kilima cha kijani, mbingu ya buluu. Akaita majirani. "Njooni muone Ulaya!" Watu wakaiona, wakapiga makofi. Dativa akatafuta mitihani. Imefutwa yote. Akajaribu kuanza upya. Akabonyeza, kilima kikaganda palepale.

Mwalimu Iddi alikuja, akasubiri, akatazama saa, kisha akakusanya karatasi zake za mkono azipeleke kwa wachapaji wa Lindi.

"Mbona hushukuru?" mjomba akamwuliza mpwa wake. "Vijana wa siku hizi!"

"Asante, mjomba."

Jumatatu nilipita na mfuko wangu kando ya mikorosho. Dativa alikuwa ameinama na kikapu. Hakunyanyua uso, nami nikashika njia ya kutoka Kitomanga.