Upepo Halisi wa Msituni

Wimbo ulipofika kwenye simu ya mjomba, ukoo mzima ulikubaliana kwamba ni mzuri, na huo ni ukoo usiokubaliana hata juu ya mahali pa kupanga viti. Mjomba aliurudia mpaka simu ikapata moto. Shangazi alilia kwa mpangilio: kwenye kiitikio analia, kwenye ubeti ananyamaza apate kusikia maneno. Dada wa marehemu, ambaye kazi yake ni ushonaji, alikaa na tepu ya kupimia shingoni, akasikiliza, akasikiliza tena, halafu akauliza:

"Mbona hapumui?"

Mjomba akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, marehemu hapumui."

"Nasema kwenye wimbo, mjomba. Siku anaimba alikuwa hai."

"Alaa," akasema mjomba, kama mtu aliyepewa habari mpya.

Marehemu walimwita Pengo, kwa sababu jino lake moja la mbele liliondoka mapema likaacha mlango wazi. Kabla ya kila mstari alivuta hewa kupitia mlango huo, ikatoa mluzi mwembamba. Akiosha vyombo, mluzi. Akipiga pasi nguo za wateja wa dada yake, mluzi. Walipokuwa wadogo walilala chumba kimoja, na mluzi ule ulimkera dada mtu kiasi kwamba siku moja alimziba mdomo kwa pamba ya kushonea mito. Sasa Pengo hakuwepo. Kifua kilimshinda. Simu yake yenye sauti zake zote iliondoka wodini na mgeni aliyekuja kumwona mgonjwa mwingine, na kilichobaki cha koo lake hapa duniani kilikuwa wimbo huo mmoja, aliorekodi muda mfupi kabla ya kulazwa. Na ndani ya wimbo huo, mwanzo hadi mwisho, mtu aliyekufa kwa kukosa pumzi alikuwa anaimba kama ambaye hajawahi kuihitaji.

"Labda walikuwa wanamfanyisha mazoezi ya kutopumua," alisema mshonaji, na shangazi akaanza kulia nje ya mpangilio.

Mshonaji alifunga kibanda chake, akaenda kuidai pumzi ya mdogo wake.

Studio iliyorekodi wimbo ilikuwa porini, na pori lenyewe halikuwa la mzaha. Barabara iliacha kwanza lami, halafu ikaacha changarawe, mwisho ikaacha hata kujifanya barabara. Gari la studio lilimshusha kati ya miamba mikubwa na miti ya miiba. Upepo ulikuwa unalaza nyasi upande mmoja na kuziinua tena. Ndege walikuwa wanagombana. Juu ya mwamba, nyani wawili walitafutana chawa kwa utulivu wa watu waliostaafu. Na katikati ya uzuri wote huo palikuwa na nyumba ya zege isiyo na dirisha hata moja, na bango: STUDIO YA ASILI. IMBA UKIWA KIFUANI MWA PORI.

Mmiliki alitoka kumpokea. Alivaa viatu vya kupandia milima, safi kabisa, ambavyo bila shaka havijapanda hata ngazi.

"Karibu sana, mama. Pole kwa msiba. Hebu tulia kidogo. Unasikia?"

"Nasikia jenereta."

"Nyuma ya jenereta."

"Nyuma ya jenereta nasikia mtu anapigapiga jenereta."

"Pori, mama," alisema mmiliki na kufumba macho. "Wasanii wanatoka mbali kuja kuchota nguvu za pori."

Walipochotea nguvu hizo mshonaji hakupaona. Mlango wa studio ulikuwa mzito kama wa chumba cha barafu, na ulipojifunga nyuma yao pori lote lilikatika, pamoja na ndege, upepo na nyani. Kuta zilivikwa sponji mpaka darini. Kiyoyozi kilikuwa kinatetemesha watu. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya msitu, msitu wa watu wengine, wenye theluji. Mtu angetoboa dirisha mahali pale, angepata pori zima bure, lakini dirisha, mmiliki alieleza, huingiza kelele.

Mbele ya kompyuta alikaa fundi mitambo, mwanamume wa makamo mwenye hedifoni kubwa masikioni. Alizivua nusu, sikio moja tu, akasema, "Shikamoo, dada," akazirudisha.

Mshonaji akaeleza alichofuata.

"Aa, pumzi," mmiliki akacheka kwa upole, kama daktari aliyeulizwa swali na mtoto. "Pumzi ni uchafu, mama. Sisi tunaziondoa zote. Msikilizaji anataka sauti, hataki mapafu."

"Na sauti inatoka wapi, gotini?"

"Nazungumzia ubora. Tumemsafisha mdogo wako kama tunavyowasafisha mastaa."

"Basi alioshwa mara mbili. Tena ninyi mliwatangulia wa hospitali."

Mmiliki alikohoa. "Fundi, mweleze mama kwamba haiwezekani."

"Haiwezekani," fundi alisema bila kugeuka.

"Lakini kwa chini tuliweka ile alama yetu," mmiliki aliendelea, na sasa sauti yake ilipanda, maana alikuwa amefika mahali anapopapenda. "Hukuisikia? Upepo halisi wa msituni. Kila wimbo unaotoka hapa una upepo halisi. Watu wanatuiga, hawatuwezi. Fundi, mpigie mama upepo."

Fundi hakuonekana kuifurahia kazi hiyo, lakini alibonyeza. Spika zikatoa mvumo laini, unapanda na kushuka, unapanda na kushuka. Mmiliki alifumba tena macho. Mshonaji aliyakaza yake kwenye spika. Alikuwa ametoka kwenye upepo dakika chache tu zilizopita, na ule haukuwa unafanya hivyo. Ule ulikuja ovyo, ukakaa, ukapotea. Huu ulikuwa unapanda na kushuka kama kifua.

Akavuta kiti karibu na fundi.

"Mdogo wangu, mimi ni mshonaji. Nikikata nguo, vipande vinavyobaki situpi, najazia mito. Wewe vipande vyako unajazia nini?"

Fundi alivua hedifoni, safari hii masikio yote mawili. Alimtazama bosi wake, akatazama theluji ya ukutani, akakata shauri.

"Najazia upepo, dada."

Mmiliki alifumbua macho.

"Wa nje haurekodiki, bosi," fundi alisema. "Jenereta inaingia. Nilikwambia tangu mwanzo, ukasema nitafute njia. Nikatafuta. Zile pumzi ninazoondoa nazivuta ziwe ndefu, nazilaza moja juu ya nyingine. Mbona unaupenda sana?"

"Na ule upepo wa tangazo la benki? Ule waliotupigia simu kuusifu?"

"Ule ni kwaya nzima, na yule jamaa mnene wa tangazo la sabuni. Yule ana mapafu, bosi."

Mmiliki aliketi.

"Za Pengo zimo?" mshonaji aliuliza.

"Kabla sijazivuta naweka nakala. Zimo, ila zimechanganyika na za watu."

Wakaanza kuzisikiliza moja moja. Walipita watu wengi. Alipita mmoja anayevuta hewa kama anayekunywa uji wa moto, akapita mwingine mwenye kwikwi, akapita mwanamke anayepumua kwa maringo, maana kumbe hata hilo linawezekana. Mshonaji alikuwa anatikisa kichwa. Si huyu. Si huyu. Huyu amevuta sigara. Kisha ukatoka mluzi mwembamba, mfupi, kama mtu anayepuliza vumbi kwenye mwanya wa mlango.

Mkono wa mshonaji ulishika tepu shingoni na kuikaza.

"Mwenyewe," alisema baadaye. "Tafuta wenzake."

Mmiliki alikuwa amepata nguvu ya kuongea. "Mama, haya mambo ya upepo… yabaki humu ndani."

"Umejenga nyumba isiyotoa hata sauti, unaogopa nini? Mrudishie pumzi zake, na mimi sina upepo wowote ninaoufahamu."

Basi fundi akazirudisha. Kwa kuwa hakuna kilichoonyesha ipi ilikaa wapi, alizigawa sawasawa, kwa vipimo, nadhifu kabisa. Akapiga wimbo. Pengo aliimba nusu ya neno, akavuta hewa, akamalizia nusu iliyobaki.

"Umembebesha gunia?" mshonaji aliuliza. "Unampandisha nalo kilima? Rudisha nyuma. Hapa hapumui. Hapa pia bado, huwa anajidai. Bado… Hapo. Na hapo anavuta mbili, ndogo na kubwa."

"Umejuaje?"

"Nimelala naye chumba kimoja miaka yote hiyo nikitaka kumnyonga."

Walikwenda hivyo ubeti kwa ubeti, fundi akisogeza, mshonaji akinyoosha kidole, mpaka wakafika ubeti wa mwisho. Hapo kidole kilishuka. Ubeti huo Pengo aliutunga akisubiri zamu kwa daktari, na dada yake hakuwahi kumsikia akiuimba nyumbani. *Msinisubiri mlangoni, fungeni mlale, taa moja iacheni.* Pumzi moja ilikuwa imebaki.

"Hapa alipumulia wapi?" aliuliza. "Wewe ulikuwepo."

Fundi aliinamisha macho. "Sijui, dada. Mimi huwa siwasikilizi. Naangalia mistari tu kwenye kompyuta."

"Tuiache hiyo moja," alisema mmiliki. "Moja ni kitu gani?"

Mshonaji alisimama katikati ya sponji, akaimba. Hakuwa mwimbaji, sauti yake ilikuwa ya kuita watu waje kula. Mmiliki aliangalia viatu vyake. Msinisubiri mlangoni, aliimba, fungeni mlale, na hapo hewa ikamwishia, akashika meza.

"Hapo," alisema akihema. "Baada ya mlale."

"Dada, wewe umechoka mapema. Yeye alikuwa mwanamuziki."

"Alikuwa mgonjwa. Weka hapo."

Fundi akaweka. Akapiga ubeti tena, na safari hii aliipa kompyuta mgongo. Pengo aliwaambia wafunge walale, akavuta hewa, mluzi ukapita, akaomba waache taa moja.

"Sasa sauti imekuwa chafu," mmiliki alinong'ona.

"Ndiyo," alisema mshonaji. "Anafanana na yeye mwenyewe. Rudia."