Ndizi Zinazohama

Mama yangu, Bi Kokugonza, hali ndizi kwenye sahani. Hata hapa mjini, Kiseke, anaomba jani la mgomba kwa jirani, analibabua motoni, analitandika mkekani, na sisi watatu tunalizunguka: yeye, mimi, na binti yangu Kemilembe wa miaka saba. Kila mmoja anakula upande wake. Ila Mama ana mchezo wake. Anasukuma ndizi na minofu ya sato kutoka upande wake hadi upande wa mjukuu, kidogo kidogo, halafu anageuzia uso dirishani, kama vile chakula kimehama chenyewe. Mimi nilikuwa nacheka tu.

Wiki iliyopita nikaacha kucheka. Kemi alikuwa anahema kila akipanda kilima cha kuja nyumbani, nikampeleka kliniki, Nyamagana. Nesi, dada mmoja mpole aitwaye Selina, akampima uzito na urefu, kisha akaniuliza alizaliwa na kilo ngapi.

"Moja na nusu," nikasema.

"Basi huyu ni wa kumwangalia zaidi." Akanieleza kwamba mtoto aliyezaliwa mdogo mno, kisha uzito ukakimbia kuliko urefu, mwili wake huwa mwepesi wa kuweka mafuta, na ukubwani unene, sukari na presha vinaweza kumfuata. "Si lazima, mama. Bado anarefuka. Msimnyime chakula. Mwacheni tu aseme mwenyewe kwamba ameshiba."

Maneno rahisi hayo. Nenda basi ukamwambie mama yangu! Nilipojifungua nilikuwa hoi kitandani, na ni yeye aliyemfunga Kemi kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, akisikiliza kama bado anapumua. Mtoto nimemzaa mimi, lakini kupona kwake ni kazi ya Mama. Nampenda sana mama yangu, ndiyo maana maneno yale nilikaa nayo siku nzima.

Jioni, mkono wake ulipoanza kusukuma, yakanitoka. Na mimi nikikaa na neno muda mrefu, hutoka vibaya.

"Mama, acha! Unamuumiza mtoto."

Mkono ukasimama katikati ya jani.

"Mimi? Namuumiza?"

"Nesi amesema..."

"Huyo nesi alikuwa wapi mtoto huyu alipokuwa anaenea kiganjani? Leo unanihesabia matonge?" Akanawa mikono, akainuka, akaelekea chumbani. "Kesho narudi zangu kijijini, Kamachumu. Siwezi kukaa nyumba inayoniona mchawi."

Nilijua hatanii. Mama akiondoka na hasira, harudi hadi aitwe na wazee wa ukoo. Nikaona nimempokonya mwanangu bibi yake kwa sentensi moja.

Ndipo nikamwona Kemi. Alikuwa anachota kwa mikono miwili, anajaza mdomo, anameza bila kutafuna, machozi yanamtiririka hadi kidevuni.

"Bibi, usiende," akasema huku mdomo umejaa. "Namaliza. Ona, namaliza yote."

Mama alirudi haraka, akasahau hata magoti yake mabovu. Akapiga magoti mkekani, akamshika mikono yote miwili.

"Acha, mjukuu wangu. Tema hicho. Umeshiba?"

Kemi alimtazama kwanza bibi yake usoni, kama vile jibu lilikuwa huko na si tumboni mwake.

"Nikisema, hutalia?"

"Silii."

"Nimeshiba."

"Tangu saa ngapi?"

Kemi akawaza kwa makini, maana ni mtoto asiyependa kudanganya.

"Tangu nilipokuwa chekechea."

Habari ya Kamachumu Mama hakuitaja tena. Alimvuta Kemi karibu, akaanza kumfuta mikono kwa ncha ya kanga, kidole kimoja baada ya kingine. Alikuwa ameahidi kutolia, na alijitahidi sana.