Nafasi ya Vidole Viwili

Mwalimu wa chekechea alikuja dukani kwangu na karatasi. Karatasi! Nimeshona nguo za watu kwa miaka thelathini na sita, nimeona watoto wakikua mbele ya kioo changu mpaka wakarudi kupimwa nguo za harusi, halafu binti wa juzi ananisomea jinsi ya kumjua mtoto aliye tayari kuanza chekechea. Anajivalisha mwenyewe? Anakwenda chooni bila kusindikizwa? Anaweza kutulia na jambo moja kwa dakika kumi? Nilijibu ndiyo kwa yote, maana mtoto mwenyewe alikuwa anasikiliza na niliona haya kusema uongo mbele yake. Haya hiyo haikumaliza hata wiki.

Mtoto mwenyewe ni mjukuu wangu, tunamwita Nukta. Alizaliwa kabla ya siku zake, na nilipopewa nimshike alienea kwenye viganja vyangu viwili. Gauni lake la kwanza nililikata kwenye kitambaa cha mfuko wa koti. Nilishona kwa mshangao kwamba kiumbe kidogo namna ile kina kucha, kina kope, na kinapiga miayo kama mzee aliyechoka na mazungumzo. Mshangao ule haujanitoka hadi leo. Nimezeeka nao.

Sasa ana miaka minne na nusu. Baba yake, mwanangu, ni dereva wa malori, na kumwona ni kwa nadra. Mama yake, mkwe wangu, ni karani wa posta, anatoka asubuhi anarudi jioni. Kwa hiyo mchana kutwa Nukta ni wangu. Anakaa chini ya meza ya kukatia, na mabaki ya vitambaa, kimya, na mimi nikisimamisha cherehani namsikia anavyopumua.

Jioni ile mkwe wangu aliisoma karatasi ya mwalimu, akaikunja, akanirudishia.

"Mama, mimi namkuta anasinzia kila siku," alisema. "Wewe ndiye unayemjua. Ukisema yuko tayari, anaanza Jumatatu. Ukisema bado, tunangoja mwakani. Na baba yake kwenye simu kasema hivyo hivyo."

"Mbona mnanitwisha mimi?"

"Kwa sababu hujawahi kumdanganya mtu kipimo."

Kesho yake nilimsimamisha Nukta kwenye kigoda nikampima sare. Kifua, inchi ishirini na mbili. Nikaandika ishirini na mbili. Kisha yeye akarudi chini ya meza, nami nikashika mkasi, nikainama, nikaona nyayo zake mbili zimechomoza chini ya meza, nikawaza duka lisilo na nyayo hizo kuanzia Jumatatu. Nikakata ishirini na nane.

Msinitolee macho. Niliwaza kwamba sitalazimika kusema neno. Mtoto atazama kwenye sare mbele ya mama yake, sare itasema bado, na mimi nitabaki mtu safi. Nilikata urefu kwa uongo huo huo, na mikono pia, nikaipiga bandi, ule mshono wa muda wa kujaribishia, mkono wangu ukiwa mtulivu kabisa. Uzoefu ni kitu kibaya wakati mwingine.

Jumamosi asubuhi mkwe wangu alikuja kuiona. Nukta alipanda kigoda, nikamvisha. Mabega yalimshuka hadi karibu na viwiko, vidole havikuonekana, na pindo lilifunika kigoda chenyewe. Mama yake alicheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni.

"Kumbe bado mdogo hivi?"

"Mdogo," nikasema. Neno moja tu.

Nukta alinitazama kupitia kioo. Hakunung'unika, hakulia. Alinyoosha mikono juu ili nimvue.

"Basi, mwakani," mkwe wangu akasema. Alimbusu mwanawe utosini, akashika kikapu, akaenda sokoni.

Nilikuwa nimepata nilichokitaka na sikuweza kukaa nacho chumba kimoja. Nikachukua mkasi wa pili, nikaupeleka kwa fundi viatu, mlango wa pili, aunoe. Mkasi ulikuwa mkali. Fundi viatu alinitazama, akaugusa, akaunoa hivyo hivyo bila kuuliza, huku mimi namsimulia habari zisizo na kichwa wala miguu.

Niliporudi, Nukta alikuwa sakafuni, amebaki na fulana na chupi. Sare ameigeuza ndani nje na kuitandaza, kila kunjo amelipapasa likalala. Juu yake amelaza gauni lake la manjano, lile alilokuja nalo asubuhi, bega kwa bega, kati kwa kati. Mkononi ana chaki yangu. Alikuwa anachora kulizunguka gauni. Hakunisikia. Ulimi ulimtoka pembeni mwa mdomo, na kila baada ya hatua fupi alikuwa analaza vidole viwili kwenye ukingo wa gauni, anatia alama nje ya vidole, anasogea, analaza tena vidole viwili.

Nilisimama mlangoni na mkasi wangu. Wapo wanafunzi wa ushonaji waliokaa kwangu hapa miezi minane, watu wazima wenye ndevu, na bado wanakata palepale kwenye kipimo wanasahau kuacha nafasi ya mshono. Hakuna aliyemkalisha mtoto huyu akamwambia. Alikuwa anatazama tu, kutoka chini, siku baada ya siku, na mimi nilidhani anacheza. Nilihisi vile vile nilivyohisi siku ile ya kucha na kope.

"Unafanya nini, mjukuu wangu?"

"Naipunguza."

"Na huku pembeni mbona umeacha?"

"Pa kushonea," alisema, akinishangaa. "Usipoacha inabana." Kisha akaniangalia kwa unyonge kidogo. "Shingo sijui."

"Shingo nitakuonyesha." Nikakaa sakafuni, magoti yakilalamika. "Nukta. Mbona hukumwambia mama kwamba Bibi amekosea?"

"Hukukosea." Alikuwa anapuliza vumbi la chaki. "Ulinipima vizuri. Halafu ukakata kubwa. Ulitaka iwe kubwa."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Mama angekukasirikia."

Nilikuwa nimemwona mdogo wa kutosha kufichwa, kumbe yeye ndiye alikuwa amenificha mimi. Miaka minne na nusu! Nilimtazama paji la uso, lenye chaki, nikajiuliza huko ndani kuna nini kingine ambacho mimi, na macho yangu ya miaka thelathini na sita, sijakiona. Niliogopa kidogo, na nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Tulifumua bandi pamoja. Nilikata na kushona kwa kufuata mistari yake, nikapandisha mabega ili shingo ikae, yeye akiwa amesimama ubavuni mwangu na kidole juu ya chaki kunionyesha njia, kana kwamba ningepotea. Tulimaliza kabla mama yake hajarudi kutoka sokoni.

Mkwe wangu alipoingia, nilisimama. Sikumpa nafasi hata ya kutua kikapu.

"Nilikata kubwa makusudi," nikasema. "Kipimo nilikuwa nacho. Sikutaka aende."

Alitua kikapu polepole. Ningependelea anigombeze.

"Mama, nilikuamini," alisema.

"Najua. Nimekukosea, wewe na yeye."

Alimgeukia mwanawe, aliyekuwa juu ya kigoda na sare imemkaa, vidole vyote kumi vinaonekana. Akapiga magoti, akapitisha mkono ubavuni pa sare, mahali mshono ulipoyumba, akafunua pindo kuangalia upande wa ndani. Chaki ilikuwa haijafutika.

"Nani kachora hapa?"

"Mimi," Nukta akasema.

Mama yake alinitazama. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Nawe ukaufuata mstari uliopinda hivi?" aliniuliza. "Wewe? Kwa nini usiunyooshe?"

"Kwa sababu kipimo chake ni cha kweli," nikasema, na machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. "Changu kilikuwa cha uongo. Anaanza Jumatatu."